Marahaba bila shikamoo

Siku yangu ya kwanza Istanbul, Septemba 2013, mzee mwenye duka karibu na bweni aliniambia "merhaba" nikakosa la kujibu. Mimi ni mtoto wa Kigamboni niliyelelewa na bibi. Kwetu marahaba ni neno la mkubwa, na halitoki mdomoni mpaka shikamoo itangulie. Sasa huyu mzee ananiitikia salamu ambayo sijampa! Nikasema shikamoo kimoyomoyo, nikanunua sabuni, nikaondoka. Wiki nzima ikawa hivyohivyo. Dereva wa basi marahaba, mlinzi wa lango marahaba, wasichana wenzangu wa chumbani, tena wadogo kwangu, marahaba. Nilijiona nina deni la shikamoo kwa jiji zima.

Nilikuwa na miaka 20. Nilikwenda kwa ufadhili wa serikali yao, ule wa Türkiye Bursları, ambao mwaka wa kwanza unasoma Kituruki kabla ya kuanza shahada yenyewe. Wenzangu darasani walikuwa wanalia na msamiati. Mimi nilikuwa naokota maneno kama mtu anayeokota embe zake mwenyewe uani kwa jirani: kitap, kalem, saat, dakika, dünya, haber, sabır. Waturuki walichukua kwa Waarabu, nasi tulichukua kwa Waarabu, tukakutana ukubwani. Hata huzuni wanayo. Wanaiita hüzün, na watu wa Istanbul wanaitamka kwa fahari kidogo, kama vile ni mali ya jiji.

Mwalimu alinisifu, nikavimba kichwa. Halafu jirani mmoja, mama mtu mzima, akanishika mkono akaniambia "gel, muhabbet edelim", nikashtuka nusura nidondoshe mfuko wa vitunguu. Mahaba? Mimi na yeye? Kumbe kwao muhabbet ni soga tu, kukaa chini mkapiga gumzo. Tukakaa, tukanywa chai, akaniuliza kama Tanzania kuna baridi. Ndipo nikajua kwamba maneno haya yametoka tumbo moja lakini kila moja limelelewa na mama yake.

Chuo chetu kilikuwa upande wa Asia, na shughuli nyingi za mjini ziko upande wa Ulaya. Katikati kuna Bosphorus, mlango wa bahari. Treni inayopita chini ya bahari, Marmaray, ilifunguliwa Oktoba 2013, mimi bado nikitafuta koti la kunitosha, na wenye haraka waliipenda mara moja. Mimi nilipanda mara chache. Mtoto wa Kigamboni havuki maji bila kuyaona. Nimekulia kwenye pantoni, MV Magogoni na MV Kigamboni, geti likifunguliwa watu wanatimka mbio na ndoo za samaki, baiskeli, matenga ya kuku, wanafunzi wenye viatu mkononi, ili wawahi daladala za ng'ambo. Kwa hiyo nilipoingia kwa mara ya kwanza kwenye vapur, meli yao ya kuvushia watu kutoka Kadıköy kwenda Eminönü, pua yangu ndiyo iliyotangulia kutambua. Dizeli, chumvi, kamba mbichi. Ila hapa hakuna anayekimbia. Kuna mabenchi ya nje, kuna mhudumu anapita na trei ya chai kwenye vigilasi vyenye kiuno, vipande viwili vya sukari pembeni, na shakwe wanaifuata meli kwa sababu abiria wanawarushia simit, ule mkate wa duara wenye ufuta. Safari yenyewe dakika kama 20. Nilifika, nikashuka, nikapanda tena kurudi.

Basi nilipenda meli kwanza. Nalisema mapema kwa sababu baadaye nilikuja kuusahau mpangilio huo, na kusahau kwangu kukanigharimu.

Wafanyabiashara wa nguo wa Kariakoo wanaijua Laleli kuliko wanavyoijua Dodoma. Ni mitaa ya maduka ya jumla upande wa Ulaya, hayauzi nguo moja, yanauza seri: saizi zote za vazi moja kwenye mfuko mmoja, bei kwa dola. Mwanafunzi anayejua Kituruki na Kiswahili hakosi nauli pale. Nilikuwa nawatafsiria mama zetu kuanzia asubuhi, tunazunguka duka kwa duka, jioni tunapeleka mzigo kwa watu wa kago, mama wa siku hiyo ananipa dola 30 na baraka nyingi.

Siku moja ya Februari 2015, theluji inayeyuka na mtaa mzima umekuwa tope, nilikuwa na mama mmoja mkali wa bei. Tuliingia duka la magauni. Muuzaji alikuwa kijana mwembamba, sweta la kijivu lililofumuka kwenye mkono, kikokotoo mbele yake.

"Mwambie apunguze."

Nikamwambia. "Anasema hiyo ndiyo ya mwisho, mama."

"Mwambie mimi sikuanza biashara jana. Na mwambie aache kukuangalia wewe, aangalie hesabu."

La pili sikulitafsiri, nani angeweza? Lakini yule kijana alikuwa ameshainua uso. "Hesap?" akauliza kwa Kituruki. Kisha akajisahihisha mwenyewe, kwa sauti ya chini, "hisab." Akabonyeza kikokotoo, akakigeuza kunielekea: amepunguza dola mbili kwa kila seri. "Hesabu," akasema, kwa lafudhi ileile ya mama, mpaka ile 'e' ya Kariakoo.

Mama alicheka mpaka akakalia mzigo. "Anajua Kiswahili huyu! Mwanangu, tumekwisha."

Alikuwa Msyria, wa Aleppo, ambayo wenyewe wanaiita Halab. Miaka 24. Alikuwa ameanza kusomea uhandisi vita vikamkatiza, sasa anauza magauni kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, masaa 12, na analala chumba cha watu sita mtaa wa Fatih. Jumapili ndiyo ilikuwa yake. Kwa muda wa miezi saba Jumapili hizo zikawa zangu pia.

Kituruki chake kilikuwa cha dukani, changu cha darasani. Hatukuwa na lugha nyingine. Tukabuni mchezo wetu wa kwenye vapur: mmoja anataja neno, tunaangalia kama limesimama sawa kwa wote watatu, yaani mimi, yeye na Waturuki. Likiwa sawa analipa chai yeye. Waturuki wakiwa wamelipinda, nalipa mimi. Dunia ikawa sawa. Roho ikawa sawa, roho, ruh, ruh. Mahaba tulikubaliana sisi wawili, Waturuki wakabaki na soga zao, nikalipa. Jumapili moja akataja musafir. Kwake ni mtu aliye njiani, kwangu msafiri, hakuna ubishi. Lakini Waturuki wakisema misafir wana maana ya mgeni aliyekuja nyumbani kwako, na ndilo neno walilowapa Wasyria tangu wanaanza kuvuka mpaka. Wageni. Yeye hakulipenda. Nikamtafsiria methali yetu ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alikaa kimya akiipima, halafu akasema, "Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza." Chai ile nililipa mara mbili.

Tulienda wapi? Kusikogharimu. Ufukwe wa Moda, soko la samaki la Kadıköy kutazama dagaa wao waliopangwa kama vijiko, Üsküdar kukaa kwenye ngazi tunaangalia ule mnara mdogo uliosimama peke yake majini, Kız Kulesi. Mwishoni mwa Aprili miti ya erguvan ilichanua kandokando ya Bosphorus, rangi ya zambarau inayokaribia waridi, na nilifikiri jiji limefanya hivyo kwa ajili yetu. Watu walitutazama. Kwenye tramu mwanamke alishika misuko yangu bila kuomba, kijana mwingine akatupiga picha. Mwenzangu alitaka ugomvi, mimi nikamshika sweta. Sikuwa na ujasiri wala hekima. Bweni letu la wasichana lilifungwa saa tano usiku, na ugomvi ungenichelewesha.

Meli ikikaribia Kadıköy unaiona stesheni ya Haydarpaşa imekaa ukingoni mwa maji. Jengo zuri la Wajerumani, zaidi ya miaka mia. Paa lake liliungua mwaka 2010 na treni zilisimama 2013, kwa hiyo mimi sikuwahi kuiona ikifanya kazi. Kila tukipita yeye alisimama. Babu yake, alisema, alipanda treni Halab, Toros Express, akaletwa mpaka hapa, akashuka ngazi hizi akiwa na sanduku na tai shingoni. Alikula samaki, akanunua viatu, akarudi zake nyumbani. "Alirudi," alirudia, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa gumu kuaminika katika hadithi nzima.

Lodos ni upepo wao wa kusini. Ukivuma kweli, Bosphorus inachafuka na kwenye ubao wa gati linaandikwa sefer iptal. Sefer ni safari, hilo nalo tulikuwa nalo wote, na iptal ni kufutwa. Jioni moja tulikwama Eminönü, ikabidi twende Sirkeci kupanda Marmaray, naye akasisitiza kunisindikiza hadi ng'ambo. Kituo cha kushukia kinaitwa Ayrılık Çeşmesi. Tukasimama chini ya kibao nikimtafsiria. Çeşme, bomba la maji la umma. Ayrılık, kuagana, kutengana. Zamani misafara ya Makka na ya kwenda vitani ilikuwa inaagwa hapo, ndipo mji ulipoishia. Akauliza, na hili limetoka kwa nani? Nikamwambia hili ni la Waturuki wenyewe. Yeye hakuwa nalo, mimi sikuwa nalo.

Hapohapo, watu wakitupita na miavuli iliyopinduka, akaniambia neno la kwao: to'oborni. Nikataka tafsiri. Akasita, akatafuta Kituruki chake cha dukani, akasema, "Unizike."

"Mungu apishe mbali! Sema lingine."

"Ndiyo neno la mapenzi," akasema, sasa amechanganyikiwa. "Maana yake nife mimi kwanza, nisibaki duniani bila wewe."

Mimi kwetu anayekupenda anakuita asali, anakuita ua, wala hakutaji na kaburi. Nilicheka vibaya, akanuna, nikakimbilia bweni. Kitandani ndipo lilipoingia.

Julai aliniambia anaondoka. Ndugu yake alikuwa ameshafika Ujerumani. Alizungumza kwa tarakimu: dola 1,200, boti ya mpira, watu 40, kutoka pwani ya Uturuki hadi Lesbos, kisiwa cha Ugiriki, kilomita kama 10. Mimi mtoto wa bahari nikauliza injini ni ya ngapi, nikauliza koti la kuokolea atanunua wapi, nikauliza kama anajua kuogelea. Hakujua. Nilimuuliza kila kitu isipokuwa kama anaweza kubaki. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Mimi nilikuwa na pasipoti na tiketi ya kurudi, nikichoka na Istanbul napanda ndege saa saba nipo Dar nakula samaki wa Feri. Mtu wa namna hiyo anamwambiaje mwenzake akae chumba cha watu sita kwa ajili yake? Jibu hilo linanipendeza. Jingine ni kwamba niliogopa angekubali.

Nilichofanya ni kumpeleka ufukwe wa Caddebostan, Jumapili mbili, kumfundisha kuelea. Nilimwekea kiganja chini ya mgongo. "Legeza shingo. Lala kama umelala kitandani." Alikuwa mgumu kama mbao, macho yamemtoka, ananishika bega. Kila nikiondoa mkono anazama miguu kwanza. Watoto wa Kituruki walikuja kutazama wakaanza kumhesabia. Alifika 19. Jumapili ya pili alifika 60, masikio yamo majini, hasikii watoto wanavyoshangilia, uso wake umeelekea juu. Kama kuna kitu kimoja nilichompa mwanadamu huyu, basi ni sekunde zile 60.

Aliondoka wiki ya mwisho ya Agosti. Hatukuagana kituo cha Ayrılık Çeşmesi, ingekuwa sinema. Tuliagana nje ya duka la simu huko Aksaray, akinunua mfuko wa plastiki wa kufungia simu isilowe, na muuzaji anatukatiza kila dakika kuuliza kama tunataka na chaja.

Tarehe 2 Septemba 2015 picha ya yule mtoto mkimbizi wa Kisyria aliyekutwa amekufa, amelala kifudifudi ufukweni Bodrum, ilienea dunia nzima. Mimi nilikuwa sijapata ujumbe kwa siku sita. Siku hiyo nilivuka Bosphorus mara nne bila shughuli. Sikula, sikuwarushia shakwe chochote. Kesho yake usiku simu ikalia: picha ya meli kubwa, ile ya kutoka Mytilene, bandari ya Lesbos, kwenda Piraeus karibu na Athens, na chini yake, kwa Kituruki, "Vapur. Chai yao mbaya."

Watu wengi wakisikia mpaka hapa wanadhani uchungu wa hadithi umekwisha, kijana amefika salama. Amefika kweli, Makedonia, Serbia, Hungary kabla hawajafunga mpaka, Austria, kisha mji mdogo wa Ujerumani. Tuliandikiana kila siku, halafu kila wiki. Hakuna aliyemwacha mwenzake, hakuna mtu wa tatu, ingawa nami sikuwa malaika, kuna Mkenya mmoja wa chuo kingine nilimcheka zaidi ya vichekesho vyake vilivyostahili. Kilichotokea ni kwamba lugha yetu ilianza kufa. Kituruki tulikuwa tumekipanga tu, kama mtu anavyopanga chumba. Mimi niliendelea kulipa kodi, yeye alihama. Ujumbe wake ukaanza kuwa na maneno ya Kijerumani, kwanza ya ofisini na ya stesheni, baadaye ya kila siku. Sentensi zikawa fupi. Vichekesho vikakauka kabisa, maana kichekesho kinahitaji lugha iliyoloana.

Mwaka 2017 aliniandikia akiuliza neno. Alitaka kumsimulia mwenzake wa kazini kuhusu Istanbul na limempotea. Alichora ndege kwa kidole kwenye simu, mabawa mawili na mdomo, akaandika kwa Kijerumani Möwe, Kituruki chake ni nini?

Martı, nikamjibu. Shakwe.

"Hah, evet, martı," akaandika. Nami nikakaa na simu mkononi nikijua kwamba tumemaliza.

Muhula mzima baada ya hapo sikupanda vapur. Nilipita chini kwa Marmaray kama fuko, nikiiadhibu bahari. Halafu asubuhi moja ya Aprili 2018 treni zilikuwa na hitilafu, nina mahojiano ya kazi ya muda ng'ambo, nikakimbilia gati. Nikakaa benchi la nje kwa mazoea. Chai ikaja. Miti ilikuwa imechanua zambarau mlimani, haikuwa na habari na mimi. Meli ikapuliza honi na tumbo langu likaruka kama lilivyoruka Septemba 2013, kabla sijamjua mtu yeyote mjini humo isipokuwa mzee wa sabuni. Nilikasirika, kusema kweli. Miaka mitatu nilikuwa nimempa kijana wa watu sifa ya kazi iliyofanywa na meli, na huenda sehemu ya nilichokiita mahaba ilikuwa ni furaha ya kupata mtu wa kukaa naye upande wa upepo. Sehemu tu. Zile sekunde 60 ni zake, haziguswi.

Nilirudi Dar mwaka huohuo. Bibi aliniuliza kama kule sikupata mchumba, nikamwambia nilipata baridi, akasema afadhali. Kazi niliyoiangukia ni ileile, sasa kwa ukamilifu: naandamana na wafanyabiashara kwenda kununua mzigo, mara mbili kwa mwaka, na kila safari natenga nusu siku ya kuvuka Kadıköy kwenda na kurudi bila sababu. Kigamboni siku hizi kuna daraja, lakini nikiwa peke yangu napanda pantoni. Nilijaribu mara moja kurusha kipande cha chapati kama shakwe watakuja. Walikuja kunguru, na baba mmoja mwenye jogoo kwapani akaniuliza kama chakula kwetu kimezidi.

Mwaka 2023 nilikwenda na mama yuleyule mkali wa bei, sasa magoti yanamsumbua, tunapumzika kila kona. Tulipofika kwenye duka la magauni, halikuwapo. Fremu ileile, lakini zimejaa suruali za watoto, na nyuma ya meza kuna msichana anatafuna bazoka. Mama akasimama mlangoni, akakagua kuta.

"Yule kijana wa hesabu yuko wapi?"

"Ujerumani, mama. Ameoa. Ana mtoto wa kike."

Akaniangalia kwa pembeni, kwa muda, kama anavyokagua mshono. Halafu akavuta kiti, akakaa, akanyoosha goti.

"Haya. Muulize huyu binti, seri moja ina ngapi."

"Merhaba," msichana akaniambia, bila kuacha kutafuna.

"Marahaba," nikamjibu.